Mawimbi yalitoka wapi? Safari za mwezini kwa jicho la mtu wa madishi

Ukiniuliza kama kweli binadamu walikanyaga mwezini, sitakufungulia picha hata moja. Picha ndizo zinazogombaniwa miaka yote: mbona bendera kama inapepea, mbona nyota hazionekani, mbona vivuli vimekaa hivi. Mimi kazi yangu ni mawasiliano ya setilaiti. Nimelenga madishi ya kila namna, ya vituo vikubwa na ya juu ya mabati, na ninachoweza kukueleza kwa uhakika ni kwamba wimbi la redio lina mahali linapotoka, na anayelipokea anapajua.

Muulize fundi yeyote anayefunga madishi mtaani kwenu. Anapanda juu ya paa, analegeza nati, anageuza dishi polepole huku aliye sebuleni akipaza sauti: "Bado... bado... hapo hapo, usiguse!" Akilisogeza kidogo tu, picha inapotea. Na hilo ni dishi lisilofika mita moja. Kadiri dishi linavyokuwa kubwa ndivyo jicho lake linavyozidi kuwa jembamba. Safari za Apollo, zile za Wamarekani za kupeleka watu mwezini, zilitumia masafa (yaani kasi ya mtetemo wa wimbi) ya megahezi 2,280 na ushei. Kwa masafa hayo, dishi la mita 26 huona kipande cha anga chenye upana wa kama theluthi moja ya digrii. Mwezi wenyewe, ukiutazama kwa macho, una upana wa nusu digrii. Dishi la mita 64, kama lile la Parkes huko Australia, halioni hata theluthi moja ya sura ya mwezi kwa wakati mmoja.

Sasa mfikirie mhandisi aliyekuwa zamu kwenye kituo cha Honeysuckle Creek, karibu na Canberra, Australia, Julai 1969, wakati wa Apollo 11, safari ya kwanza ya kutua mwezini. Dunia inazunguka, mwezi unapanda angani, na dishi lake la mita 26 lazima liufuate. Angeliacha limesimama, ndani ya dakika moja au mbili sauti za wanaanga zingefifia na kukatika. Alilifuatisha mwezi kwa saa nyingi na sauti zikaendelea kuja. Mtu huyo hakuhitaji kuamini tangazo la Washington wala la Houston, kilikokuwa kituo cha kuongozea safari. Vipimo vya pembe ya dishi vilikuwa mbele yake.

Kuna sehemu ya historia hii inayotuhusu sisi wenyewe, na inanisikitisha kwamba vijana wengi hawajawahi kuisikia. Kabla ya Apollo, Wamarekani walikuwa na programu iliyoitwa Mercury, ya kumzungusha mtu mmoja kuizunguka dunia. Kimojawapo cha vituo vyake kilikuwa Unguja, maeneo ya Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia mara tatu, alizungumza na kituo cha Unguja alipokuwa akipita juu ya Afrika Mashariki. Kituo kile kilipingwa sana katika siasa za Zanzibar, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikaondolewa mwaka huohuo, kazi yake ikahamia Madagaska.

Kwa nini walihitaji Unguja? Kwa sababu chombo cha Glenn kilikuwa chini sana, kilomita mia moja sitini hadi mia mbili sitini tu juu ya ardhi. Kitu kilicho chini namna hiyo kinachomoza upande mmoja wa upeo na kuzama upande wa pili ndani ya dakika chache. Ili wasimpoteze, iliwabidi wapange vituo kama mnyororo: Bermuda, Visiwa vya Canary, Kano huko Nigeria, Unguja, meli katikati ya Bahari ya Hindi, kisha Australia, na kuendelea. Kila kituo kilimsikia kidogo tu kisha kikamkabidhi kwa kinachofuata.

Ulipofika wakati wa Apollo, mpangilio ulibadilika. Vituo vidogo vilibaki kwa ajili ya kuondoka na kurudi, lakini kwa safari yenyewe ya mwezini walitegemea vituo vikuu vitatu tu: Goldstone huko California, kimoja karibu na Madrid, Hispania, na Honeysuckle Creek. Vitatu hivyo vimeachana kwa takriban theluthi ya dunia kila kimoja. Kitu kilicho mbali kama mwezi kinakaa angani karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo vituo vitatu vinatosha kukisikiliza usiku na mchana. Ramani ya vituo peke yake inamwambia mtu wa fani yetu kwamba waliokuwa wakifuatiliwa hawakuwa wakizunguka karibu na dunia. Kama wangekuwa karibu, vituo vitatu visingeweza kuwasikia mfululizo hata kidogo.

Angalia na saa. Chombo cha Eagle, kilichowashusha wanaanga wa Apollo 11, kilitua tarehe 20 Julai 1969, kwetu Afrika Mashariki ikiwa saa 5:17 usiku. Mwezi ulikuwa na umri wa siku sita hivi. Huko Ulaya ulikuwa bado uko juu upande wa magharibi, na California ulikuwa umechomoza. Vituo vya Hispania na Goldstone vilikuwa vinausikia mtuo ule. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kushuka, aliweka mguu ardhini saa 11:56 alfajiri kwa saa zetu, mwezi ukiwa umekwisha kuzama kwetu na Ulaya. Picha zilizokwenda duniani kwa hatua ile zilitoka Goldstone na Australia, mahali ambapo mwezi ulikuwa juu ya upeo. Kwanza zilianzia Goldstone, kisha Honeysuckle Creek, na baada ya dakika kama tisa wakahamia Parkes na kubaki hapo hadi mwisho wa matembezi. Parkes siku hiyo upepo mkali ulilitikisa dishi lao na hawakuliteremsha. Wahandisi wale nawaheshimu kutoka moyoni.

Kuna vijana wa fani yetu wanaoniambia: "Mzee, si wangeweza kuficha setilaiti ya siri, ikarusha sauti na picha zilizorekodiwa?" Ni swali zuri na linastahili jibu la kiufundi. Setilaiti iliyo chini ingepita angani kwa dakika chache, kama Glenn. Iliyo kwenye kilomita 36,000 juu ya ikweta, kama zile za televisheni, ingesimama mahali pamoja wakati mwezi unaendelea na safari yake, na dishi linaloufuata mwezi lingeipoteza mara moja. Hakuna njia ya kuzunguka karibu na dunia inayoweza kuiga mwendo wa mwezi angani, kwa kuwa mwendo wa setilaiti unaamuliwa na umbali wake.

Na hata kama ingepangana na mwezi kwa sekunde moja tu, vituo viwili vingeigundua. Hispania na California, ukipima kwa mstari ulionyooka, viko mbali kwa zaidi ya kilomita 8,000. Vikitazama mwezi kwa pamoja, mwelekeo wao unatofautiana kwa digrii moja hivi, kwa kuwa mwezi uko mbali, wastani wa kilomita 384,400. Vikitazama kitu kilicho kwenye kilomita 36,000, tofauti inaweza kupita digrii 10. Kwa dishi lenye jicho la theluthi ya digrii, hilo ni kosa kubwa kupindukia. Setilaiti ya siri ingelazimika kuwa pale pale ulipo mwezi, na hapo utakuwa umekwisha kukiri kwamba walifikisha chombo mwezini.

Tena hawakuwa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, peke yao waliokuwa wakisikiliza. Jodrell Bank, kituo cha Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilikuwa na madishi mawili kazini. Moja la mita 15 lilikuwa linaifuatilia Eagle. Lile kubwa la mita 76 lilikuwa linakifuatilia chombo cha Warusi kilichoitwa Luna 15. Ndiyo, siku zilezile Wasovieti walikuwa na chombo chao kisicho na mtu kikiuzunguka mwezi, kikijaribu kushuka kuchukua udongo kabla ya Wamarekani kurudi. Kilianguka na kuvunjika tarehe 21 Julai, saa mbili hivi kabla ya Armstrong na mwenzake Aldrin kuondoka mwezini. Kabla ya hapo Frank Borman, mwanaanga wa Apollo 8, aliwasiliana na Mstislav Keldysh wa Chuo cha Sayansi cha Kisovieti kuhusu njia ya Luna 15, ili vyombo visikaribiane, na Wasovieti wakatoa vipimo. Mpinzani mwenye kila sababu ya kuifichua hila alikuwa pale pale, na alikuwa na madishi makubwa ya anga za mbali huko Yevpatoria, Crimea. Hakukana safari ile.

Rekodi ya Jodrell Bank ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Umesimama barabarani, basi linakuja likipiga honi. Likikukaribia mlio ni mwembamba, likikupita mlio unashuka na kuwa mzito. Mawimbi ya redio yanafanya hivyohivyo: chombo kikikusogelea masafa yanapanda, kikienda mbali yanashuka. Eagle ilipokuwa inauzunguka mwezi ilikwenda kwa kasi ya kilomita 1.6 hivi kwa sekunde, na kwa masafa yale hiyo inaweza kuhamisha wimbi kwa kilohezi 12. Kipokezi chochote kizuri kinaliona hilo waziwazi. Kwenye karatasi ya Jodrell Bank unaona mstari ukishuka kadiri chombo kinavyopunguza mwendo, kisha unayumba pale Armstrong alipoongoza kwa mkono kukwepa eneo lenye mawe makubwa, halafu unanyooka. Mstari kunyooka maana yake ni kwamba mtambo umetulia juu ya uso wa mwezi, na mwendo uliobaki ni wa dunia na mwezi tu. Hakuna aliyewatumia Waingereza mstari ule kwa barua. Uliandikwa na mashine yao, kutoka kwenye dishi lao.

Wapo pia watu binafsi. Huko Louisville, Kentucky, Larry Baysinger, mpenzi wa redio, alijitengenezea antena na kusikiliza megahezi 259.7, masafa ambayo wanaanga walitumia kuzungumza wakiwa nje ya chombo. Ilibidi aigeuze antena kwa mkono kuufuata mwezi. Gazeti la mji wake liliandika habari ile mwezi huohuo. Mwaka 1972 Msweden Sven Grahn akiwa na mwenzake Dick Flagg walipokea mawimbi ya Apollo 17 wakiwa Florida.

Sasa nije kwenye maswali mawili ninayoulizwa kuliko yote, kwa kuwa yote mawili ni ya fani yangu.

La kwanza: nani alishika kamera? Armstrong alikuwa wa kwanza kushuka, basi nani alimpiga picha? Kamera ya televisheni ilikuwa imefungwa kwenye ubavu wa Eagle. Alipokuwa juu ya ngazi alivuta pete, kibati cha ubavuni kikafunguka kama rafu, na kamera ikawa inatazama ngazi. Picha zile zilikuwa mbovu kwa sababu inayoeleweka. Njia ya mawasiliano haikutosha kubeba televisheni ya kawaida ya Marekani, yenye fremu 30 kwa sekunde na mistari 525. Kamera ilituma fremu 10 tu kwa sekunde, mistari 320. Vituoni picha ilionyeshwa kwenye kioo maalumu, na kamera nyingine ya kawaida ikakipiga picha kioo kile ndipo ikarushwa duniani. Kunakili picha ya picha namna hiyo ndiko kulikowafanya wanaanga waonekane kama mizimu.

Na picha ya Apollo 17 ikipaa kutoka mwezini, kamera ikiinuka kuifuata, nani alibaki? Hakubaki mtu. Kamera ilikuwa juu ya gari walilokuwa wakiendesha kule, lililoachwa limeegeshwa, na gari lilikuwa na redio na dishi lake lenyewe lililotazama dunia. Aliyeiongoza alikuwa Ed Fendell, ameketi Houston. Amri ya redio inachukua sekunde 1.3 kufika, na picha inachukua sekunde 1.3 nyingine kurudi. Angesubiri aone chombo kinaruka ndipo ainue kamera, kingekuwa kimekwisha kutoka kwenye picha. Ikabidi atume amri kwa kufuata saa iliyopangwa, kabla ya tukio lenyewe. Kwenye Apollo 15 kifaa cha kuinua kamera kilikuwa na hitilafu. Kwenye Apollo 16 gari liliegeshwa karibu mno. Tarehe 14 Desemba 1972, mara ya tatu, ndipo akafanikiwa. Mimi nikiona kipande kile cha filamu huona kazi ya mtu aliyeujua ucheleweshaji wa mawimbi barabara.

Swali la pili limekuwa wimbo mitandaoni: "Kijijini kwetu simu haishiki mwaka huu, Rais Nixon wa Marekani alimpigiaje simu mtu mwezini 1969?" Nalielewa, maana shida ya mtandao vijijini ni shida ya kweli. Lakini kinachozuia simu yako ni mlima, msitu, kuta, na umbali wa mnara ambao antena yake inatawanya nguvu pande nyingi ili iwahudumie watu wengi kwa pamoja. Kati ya dunia na mwezi hakuna kilima. Nixon alitumia simu ya kawaida ya waya hadi Houston, kutoka hapo ikaenda kwenye vituo, na vituo vikairusha kwa maelfu ya wati kupitia dishi la mita 26. Upande wa pili Eagle ilikuwa na kikuza nguvu cha kama wati 20 na dishi dogo lenye kipenyo cha sentimita 66 lililoelekezwa duniani. Ukipiga hesabu, nguvu inayolifikia dishi la hapa haifiki hata wati moja iliyogawanywa kwa trilioni. Inatosha, kwa kuwa kipokezi kilipozwa kwa baridi kali ili kelele zake zenyewe ziwe chini zaidi ya hapo. Ukiona ni miujiza, fikiria Voyager 1, chombo cha anga kisicho na mtu kilichorushwa 1977: ina redio ya nguvu kama hiyohiyo, iko zaidi ya kilomita bilioni 20 kutoka hapa, na tumeendelea kuisikia.

Sauti nazo zina ushahidi wake. Sikiliza rekodi za Houston kwa makini. Mara nyingine sauti ya msemaji wa Houston inarudi hafifu, imeingia kwenye kipaza sauti cha mwanaanga kupitia vipokea sauti vya masikioni. Mwangwi ule unarudi baada ya sekunde 2.6 hivi, muda uleule wa wimbi kwenda mwezini na kurudi.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote nitalitaja mwenyewe, kwa kuwa haki inadai hivyo. Mtu anaweza kusema: sawa, mtambo ulitua mwezini, lakini ulikuwa roboti inayorudisha sauti za waigizaji waliokuwa duniani. Kwa redio peke yake ya Apollo 11, kumng'oa mtu huyo ni kazi. Lakini Apollo zilitua sita, na katika tatu za mwisho mtambo mmojawapo wa redio ulikuwa juu ya gari linalotembea. Kwenye Apollo 17 gari lile lilifika zaidi ya kilomita 7 kutoka kwenye chombo, na wataalamu walilinganisha mawimbi yake na ya chombo kwa vituo kadhaa kwa pamoja ili kupima lilivyosogea. Roboti yako sasa iendeshe gari, ichimbe, ijibu maswali ya wanajiolojia papo hapo, na irudishe mawe. Jumla ya mawe na udongo wa Apollo ni kilo 382. Roboti za Kisovieti zilizofanikiwa kurudisha udongo, Luna 16, 20 na 24, kwa jumla hazikufikisha hata nusu kilo. Nikifika kwenye mawe nawaachia wanajiolojia, wao wana hoja nzito kuliko zangu.

Kanda zilizopotea? Ni kweli, na kama mtu wa mawasiliano inaniuma. Kanda za kituoni zilizobeba picha asilia za Apollo 11, kabla hazijageuzwa kuwa za televisheni, zilitafutwa miaka kadhaa, na mwaka 2009 NASA ikasema zilifutwa na kutumiwa tena, kama zilivyofutwa kanda nyingine nyingi za vipimo enzi zile kanda zilipoadimika. Picha zilizorushwa zipo, filamu zilizopigwa kule zipo, na safari nyingine tano za kutua zina kumbukumbu zake. Ulikuwa uzembe wa kumbukumbu, na waliofanya wanastahili kulaumiwa kwa hilo.

Mbona hawakurudi baada ya 1972? Fedha. Mwaka 1966 NASA ilikuwa inakula zaidi ya asilimia 4 ya bajeti yote ya serikali ya Marekani. Miaka hii haifiki hata asilimia moja. Apollo 18, 19 na 20 zilifutwa.

Kinachosahauliwa ni kwamba redio hazikunyamaza wanaanga walipoondoka. Apollo 12, 14, 15, 16 na 17 ziliacha vituo vya vipimo vyenye redio zake, vikituma habari za mitetemeko ya mwezi, joto na mengineyo, kila kimoja kutoka mahali pake. Vilisikika miaka nenda rudi, wakati hakuna tena televisheni wala umati wa kushangilia, hadi vilipozimwa tarehe 30 Septemba 1977.

Na ukitaka kujaribu sehemu ya haya kwa mikono yako, inawezekana. Wapo watu wenye leseni ya redio ya ridhaa wanaolenga antena zao mwezini, wanatuma mawimbi, na kusikia mwangwi wao wenyewe ukirudi baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Inahitaji antena nzuri, kikuza nguvu, kipokezi chenye usikivu na uvumilivu. Kijana yeyote wa hapa Dar aliye na nia hiyo aniandikie, nitamsaidia kuanzia kwenye hesabu ya kiungo, yaani nguvu ya wimbi inayotoka, inayopotea njiani na inayofika.